Kijana wa Koti la Studio

Mama wa idara ya wafanyakazi aligeuza karatasi ili niione vizuri, akaweka kidole chini ya picha, kisha akaniuliza kwa Kifaransa cha upole: "Huyu mpiganaji ni nani kwako?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nilikuwa nimesoma kanuni za shirika lao la misaada mpaka macho yakauma. Nilijua kueleza maana ya kutoegemea upande wowote, nilijua namna ya kuendesha kikao cha wanawake kambini bila kuwaahidi kitu ambacho hakitakuja. Dada yangu mkubwa alikuwa ameamka kabla yangu kuwasha makaa ya pasi, akanyoosha kikwembe changu kizuri mpaka nikaogopa kukaa. Katika mtihani wa kuandika nilikuwa wa kwanza. Jina langu lilibandikwa juu kabisa kwenye valve, ule ubao wa matangazo ulio nje ya ofisi yao, na mtaa mzima ulikwisha kunipongeza na kuanza kuniomba niwakumbuke. Yalibaki mazungumzo haya tu, na mazungumzo haya yalianza na karatasi walizochapa kutoka kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni.

Kwenye picha alisimama kijana mwenye miwani myeusi, mikono ameikunja kifuani, amevaa koti la kijani lenye mifuko mingi na bereti iliyolalia sikio. Nyuma yake kulikuwa na ziwa la buluu kupita kiasi, na ndege inayoruka chini mno, karibu imgonge kichwa. Chini ya picha yalikuwa maneno yangu mwenyewe: jina lake, jina la mama yake, mahali kilio kilipokuwa, na ombi kwamba apumzike kwa amani.

Nikacheka. Sikukusudia, lakini mtu yeyote aliyekulia Bunia angecheka.

"Mama," nikamwambia, "huyu alikuwa anauza mayai."

Yeye hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Ni lazima nieleze ile studio, kwa sababu mama huyo alikuwa amefika kutoka Kinshasa juzi juzi tu na hakuwa na kosa la kutoijua. Ilikuwa chumba kimoja kando ya bulevadi, na ndani yake pazia lililochorwa ziwa na ndege. Nyuma ya pazia kulikuwa na msumari uliobeba nguo za kila mtu. Kulikuwa na suti moja nyeusi, kubwa, ambayo fotografa aliibana mgongoni kwako kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kwa mbele ulikuwa mkurugenzi, kwa nyuma ulikuwa kamba ya nguo. Kulikuwa na shela ya bibi harusi na toga ya mhitimu wa chuo kikuu. Na kulikuwa na lile koti la kijani na bereti yake, ambalo vijana waliligombania, kwa sababu katika mji huu, kwa miaka mingi, watu pekee waliowaona wakitembea bila woga walivaa namna hiyo. Hawakutaka kupigana na mtu. Walitaka mara moja tu katika maisha yao waonekane watu ambao hakuna anayewasimamisha njiani. Ukimaliza unavua koti, unarudisha msumarini, unarudi kwenye mayai yako.

Nilimweleza hayo yote, kwa haraka, mikono ikiruka. Nikamwambia kwamba mimi mwenyewe nina picha mbele ya ziwa lile lile, nimevaa toga na kofia ya pembe nne, na kwamba iko kwenye ukurasa huo huo alioupekua. Nilipigwa picha hiyo nikiwa bado nasoma sekondari.

"Mbona hiyo hukuichapa?" nikamwuliza. "Kama koti linamfanya mtu mpiganaji, basi mimi nilipata digrii kabla ya kumaliza shule."

"Tubaki kwenye swali, tafadhali."

Pembeni yake alikaa mwanamume wa hapa hapa, mkuu wa magari na vifaa wa ofisi yao. Nilimfahamu tangu utotoni, kwao na kwetu ni mitaa miwili jirani. Na zaidi ya kumfahamu: picha yake, ndani ya koti lile lile na bereti ile ile, ilikaa kwenye dirisha la studio miaka na miaka, na sisi wasichana tukienda shule tulikuwa tunaipigia saluti. Nikamgeukia nikiwa na uhakika kwamba mambo yameisha.

"Mwulize huyu ndugu," nikasema. "Yeye ni mtu wa hapa. Atakwambia studio ile ilikuwaje."

Mama akamgeukia. Yeye akashusha macho kwenye karatasi zake, akazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangwa, akasema hakumbuki studio ya namna hiyo.

Ningeweza kummaliza pale pale. Sentensi moja ilitosha. Nilinyamaza, wala si kwa wema. Nilikuwa na hasira nyingi mno, na nikifika hapo huwa naogopa mdomo wangu mwenyewe.

Mama yule hakuwa mtu mbaya, na sitamfanya awe mbaya ili habari yangu ipendeze. Aliweka kalamu chini, akanieleza. Magari yao yanapita barabara ambazo vijana wenye silaha huweka vizuizi. Siku hizi vijana hao hawaangalii kitambulisho peke yake, wanataka na simu. Wakikuta mfanyakazi amemlilia mtu wa upande ambao wao wanauchukia, na mtu huyo yuko kwenye koti kama hili, hawatauliza habari za studio. Na ndani ya gari hutakuwa peke yako. Kutakuwa na dereva, na dereva ana watoto.

"Umeona wengine kwenye ukurasa wangu?" nikamwuliza. "Umeona wa upande mwingine pia? Wamo wengi."

"Nimeona. Ndiyo maana bado tunaongea." Akaisukuma karatasi kuelekea kwangu. "Mwondoe huyu mmoja. Jumatatu saa sita mchana tutatazama tena. Tukikuta hayupo, unasaini."

Nilitoka bila kuaga sawasawa. Mlinzi wa getini akaniuliza kama nimepata, nikamwambia amwulize muuza mayai.

Sasa niseme kwa nini ukurasa wangu umejaa wafu, maana hata jamaa zangu wengine hunikwepa kwa sababu hiyo.

Nilikuwa, na hadi leo ni, msomaji wa komunike katika redio moja ndogo ya hapa mjini. Komunike ni yale matangazo ya vifo: fulani wa ukoo fulani ametuacha, kilio kiko mahali fulani, ndugu wa Boga, wa Irumu na wa Komanda wapate habari. Watu wakisikia sauti yangu sokoni hunyamaza kwanza, kisha hugundua kwamba naulizia bei ya nyanya. Redio hutaka ilipwe kabla ya kutangaza. Barabara za Djugu zilipoharibika kwa mapigano na watu wakaanza kuingia mjini na vitanda kichwani, walikuja mlangoni kwetu wengi wasio na kitu, wakiomba tu jina litajwe. Mkurugenzi akasema hapana, na alikuwa na sababu zake, jenereta hainywi huruma. Basi nikawa nawatoa nje, uani, nawaandikia kwenye ukurasa wangu bure. Picha kama ipo, jina, mahali pa kilio. Walikuja wa upande huu na wa upande ule, makabila mawili yaliyokuwa yanawindana. Wakati mwingine waliketi kwenye benchi moja wakisubiri zamu, kila mmoja akiangalia ukuta wake.

Mama wa kijana wa mayai alikuja siku moja ya mvua, miguu peku, akiwa na dada yake. Mwanawe alikuwa anakaa hapa Bunia, akizungusha sinia la mayai ya kuchemsha pale magari ya Komanda yanapopakia. Vita pekee nilivyowahi kumwona akipigana ni vya chenji na abiria. Alikuwa amesikia kwamba kwao kumetulia, akapanda kwenda kumsaidia mama yake kuvuna maharagwe. Kumbe utulivu ule ulikuwa wa siku mbili tatu. Walikimbia kila mtu na njia yake. Mama akatokea huku, mwana akakutwa njiani akauawa, na watu aliokuwa nao wakamzika haraka haraka wakaendelea kukimbia. Mama hakuona kaburi wala mwili. Nyumba iliungua na kila kitu, na picha zote zilizokuwa ndani ya kopo la biskuti.

Aliponiambia kwamba hana hata picha moja, nikakumbuka kwamba niliwahi kuiona yake kwenye dirisha la studio. Fotografa alikuwa bado yupo, akaitafuta kwenye kompyuta yake, akanipa bila kuuliza neno. Muda mfupi baadaye yeye naye alifunga virago akavuka kwenda Uganda, na kompyuta ile sijui iliishia wapi. Ndiyo kusema kwamba kijana yule, ukiacha kichwa cha mama yake, amebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni ukurasa wangu.

Najua mtu ataniuliza, mbona usiichape ukampa mama? Niliichapa. Mvua ilipita kwenye turubai lake kambini, uso ukaoza katika wiki ile ile. Nikamwambia nitamchapia nyingine nzuri yenye plastiki. Akakataa.

"Karatasi inaungua, karatasi inalowa," akaniambia. "Muache pale pale kwa telefone. Pale batu banamusemesha."

Hilo ndilo lililomleta kwangu kila mara. Chini ya picha watu huandika, na hawajaacha kuandika. Kuna aliyeandika kutoka Komanda kwamba siku moja alilala njaa stendi na kijana huyo akampa yai bila kumwuliza kwao wapi. Kuna msichana aliyeandika kwamba alikuwa anangojea amalize kujikusanya aje kujitambulisha nyumbani kwao, na mama hakuwa na habari za msichana wowote, akalia na kucheka kwa pamoja mbele yangu. Kuna mmoja aliyesoma naye shule ya msingi, na jina lake tu linakuonyesha kwamba ni wa upande wa pili. Aliandika kwamba walikaa dawati moja na kwamba yeye anaona aibu. Huyo, mama alinifanya nimsome mara nyingi.

"Na huyu iko wa kwabo," alikuwa anasema. Kisha: "Soma tena."

Yeye hana simu, wala hajui kusoma. Mimi nikikosekana humkamata kijana yeyote kambini mwenye simu, anamtajia jina la ukurasa wangu, nao wanamfungulia. Kambi nzima imezoea. Hayo ndiyo niliyotakiwa niyafute kabla ya Jumatatu saa sita.

Nilipofika nyumbani dada yangu, yaya wangu kama tunavyowaita wakubwa hapa, alikuwa amepika samaki wa Ziwa Albert, chakula cha furaha. Nilimweleza. Akaweka mwiko chini.

"Foto moja?" akauliza. "Foto moja tu?"

"Moja, yaya."

"Na weye ulisemaka nini?"

"Nilitoka."

"Ulitoka!" Akapiga makofi mara moja, akaangalia dari. "Ule mutoto alishakufa. Siye tunakula. Nikuulize, nani ananunuaka makala humu ndani?"

Ni yeye anayenunua makaa, na unga, na dawa za mama yetu, kwa kushona nguo za watu mpaka vidole vimeota sugu. Hakuna siku amenitupia maneno kwa sababu redio hunilipa ikipenda. Aliposema vile nilisogeza sahani, na samaki wake sikumaliza. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki, na mtu mwenye haki anakera kuliko mwongo.

Tena nilijua fika kwamba nikifuta, sitakuwa wa kwanza. Mji mzima unajifuta. Katika miaka hii ambayo tunaambiwa amani imerudi, na sisi bado tunalala viatu vikiwa karibu na mlango, kazi zenyewe ni za mashirika, na mashirika yanachungulia. Kwa hiyo jina likitokea kwenye valve tu, kijana anakimbilia kwa wale wa sekretarieti, wanaochapa barua na kutoa fotokopi, anaomba asafishwe. Wanaondoa chupa ya bia, wanaondoa kofia ya chama, wanaondoa mjomba aliyeongea siasa kwenye harusi. Namjua mmoja aliyeondoa picha zote akaweka aya za Zaburi tupu, akaulizwa kwenye mazungumzo kama ana msimamo mkali wa dini. Tunacheka, lakini mimi hili linanichoma. Mtu anaingia kwenye kazi ya kuhudumia waliopoteza kila kitu, na tiketi ya kuingilia ni yeye kwanza kuonyesha kwamba hakupoteza mtu.

Jumamosi, jua likiwa bado juu, yule ndugu wa magari na vifaa alikuja nyumbani. Alisimama uani, ufunguo wa pikipiki ukizunguka kidoleni. Nilimletea kiti kwa sababu mama yetu alikuwa anatazama.

"Unasamehe," akaanza. "Pale bureau sikuweza."

"Ulikuwa muzuri ndani ya lile koti," nikamwambia. "Bereti ilikukaa kuliko wote."

Akageuka nyuma kuangalia kama kuna anayesikia. Sura yake ilinionyesha mtu aliyechoka, na kwa dakika moja nikamwonea huruma. Alisema picha yake ameitafuta kila mahali na kuiondoa, hata kwa dada zake. Alisema ana watoto wanne na wa nduguye. Kisha akatoa ushauri aliokuja nao.

"Haiko kufuta. Unaficha tu. Unaifunga, weye peke yako njo unaiona. Unasaini. Mwezi ikipita, unafungua."

"Na mama yake?"

"Mama yake atangoja."

"Na nikishasaini, wakati wa kuifungua ukifika, weye utaniambia fungua? Ama utaniambia ngoja mukataba iishe?"

Aliushika ufunguo usizunguke, hakuniahidi kitu. Alikuwa mkweli kiasi hicho.

"Papa," nikamwambia, na nilimwita papa, yaani baba, ili asisahau kwamba ni mtu mzima, "miye sikukutaja. Na sitakutaja. Lakini usikuje tena hapa kunifundisha kujificha. Weye ulikataa koti yako mwenyewe. Miye unataka nikatae mutu."

Mama yetu, ambaye husikia anapotaka, akaniita ndani kwa ukali. Yule ndugu akaondoka na pikipiki bila kuiwasha, akaisukuma mpaka njiani.

Nikisema kwamba baada ya hapo nilikuwa na moyo wa chuma nitakuwa nadanganya. Niliitaka kazi ile. Niliitaka mwilini, kama mtu anavyotaka maji. Nilikuwa na uwezo wa kuifanya kuliko wote waliokuwa kwenye valve, na nilijua hivyo, na wao walijua hivyo. Nilimwona dada yangu akinyoosha mgongo kila baada ya nguo mbili. Basi Jumapili baada ya misa nilipanda kilima kwenda kambini, na niseme wazi nilikwenda kutafuta nini: nilikwenda kutafuta ruhusa. Nilijiambia kwamba picha ni ya mama, aamue mama.

Nilimkuta mbele ya turubai lake na wanawake wengine, wakichambua lengalenga. Akajifuta mikono kwenye kikwembe akanisogezea kigoda cha kukalia.

"Mutoto iko?" akauliza, ndivyo alivyouliza siku zote.

"Iko, mama. Lakini kuko maneno."

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikiangalia mboga. Nikamwambia kuna kazi, na wenye kazi wanasema mwanawe alikuwa mpiganaji kwa sababu ya lile koti, na wanataka nimwondoe ndipo wanipe.

"Mupiganaji?" Akawageukia wenzake. "Mumesikia? Ule hata kuku alikuwa anachinjiwa na dada yake!"

Wanawake wakacheka sana. Naye akacheka. Kisha akaniuliza kazi yenyewe ni ya kufanya nini.

"Ya kusikiliza batu ya site," nikasema, maana kambi hapa tunaiita site. "Kujua shida yabo."

Hapo hakuna aliyecheka. Mama akaendelea kuvunja majani, moja, jingine, akiyatupa kwenye beseni.

"Ondosha, mwana wangu," akasema. "Ondosha, upate kula. Siye tulishazoea kuondoshwa."

Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya neno hilo hilo. Nilipaswa kushukuru na kwenda zangu. Yeye akaninyooshea mkono, nikampa simu nikiwa nimefungua picha. Alikipangusa kioo kwa pembe ya kikwembe chake, akaangalia. Aliangalia muda mrefu, uso karibu na kioo, kwa sababu macho yake si mazima. Kisha akanirudishia.

"Lakini ufanye hapa, nikiwa ninaona," akasema. "Ile siku ingine alienda, sikumuona."

Machozi yalikuja, na nyuma ya machozi ikaja hasira, na hasira ndiyo iliyobaki. Hasira na mama wa Kifaransa cha upole, na wale wenye vizuizi, na yule ndugu wa pikipiki, na mimi mwenyewe niliyepanda kilima kile Jumapili kumwomba mwanamke huyu amzike mwanawe mara ya pili ili mimi nipate kadi ya kuning'iniza shingoni. Nani alisema kwamba yeye ndiye anayepaswa kutoa tena? Katika watu wote wa mji huu, yeye?

"Hapana, mama," nikasema. "Haondoki."

"Na kazi?"

"Kazi ikae kwabo. Mama, weye ulishaandika kitu hapa chini?"

"Miye? Miye sijue kuandika."

"Useme, niandike."

Akashangaa. Muda wote ule alikuwa anasikiliza ya watu, wala hakuna aliyewahi kumwuliza yake, na mimi nikiwemo. Alinyoosha mgongo, akaweka beseni kando, akafunga kitambaa chake upya kichwani kana kwamba anapigwa picha. Alisema polepole akingoja kidole changu, nami niliandika kama alivyosema, sikusahihisha hata neno.

"Miye ni mama yake. Niko Bunia, kwa site. Huyu ni mutoto yangu, aliuza mayai. Hakuua mutu. Hakuna mutu wa kumuondosha hapa."

Nikatuma. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akaniambia nisome tena kwa ile sauti ya redio, ili na wa turubai la mwisho wasikie, nikasimama nikasoma kwa sauti ya redio, na watu wakatoka kwenye maturubai wakidhani kuna aliyekufa.

Dada yangu hakunisemesha jioni ile. Asubuhi alinisemesha, aliniuliza kama nataka chai.

Jumatatu saa sita mchana nilikuwa redioni mbele ya mikro, simu yangu imezimwa, maana pale ndani simu hazikubaliwi. Najua wale wa shirika walipiga, kwa sababu nilipoiwasha niliona. Wakati wao wanapiga mimi nilikuwa nasoma komunike za siku hiyo: mzee mmoja wa Boga, mama mmoja wa Irumu, mtoto mchanga wa hapa hapa mjini. Nilitaja jina la kila mmoja mara mbili, polepole, na sikumruka hata mmoja.